Tumwamini Adili?

(Hotuba iliyotolewa Temeke katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoombwa niseme machache, nilikumbuka swali la mwalimu wetu wa Kiswahili tulipokuwa tukisoma Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1952. Alituuliza: "Mngekuwa ninyi ni Mfalme Rai, mngemwamini Adili?" Darasa zima tulicheka. Nani ataamini habari za jini na watu waliogeuzwa manyani?

Kisa mnakijua. Ikibali, mjumbe wa mfalme, alikwenda Janibu kufuata kodi. Usiku akamwona Adili, mtawala wa mji, akiwachapa manyani wawili, kisha akiwalilia na kuwalisha. Alipoitwa mbele ya Rai, Adili alisimulia maisha yake: kwamba manyani wale ni nduguze, Hasidi na Mwivu, kwamba walimtupa baharini, kwamba jini Huria alimwokoa, akawageuza wao, na kumwamuru awapige kila usiku.

Sasa nina karibu miaka ishirini katika utumishi wa serikali, na kazi yangu kubwa ni kusikiliza watu wakieleza mambo yao ya nyuma. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha. Jibu langu kwa mwalimu ni hili: ajabu ya hadithi si dalili ya uongo. Katika nchi ile ya kubuni, jini ni jambo la kawaida kama kodi. Tupime kama maneno yanaeleza yale yaliyokwisha onekana. Ikibali aliona kiboko, akaona na machozi. Katili asingelia; mpole asingechapa. Maelezo ya Adili yanavipatanisha vyote viwili. Kwa hilo namwamini.

Lakini liko jambo linalonisumbua. Katika masimulizi hayo lawama yote ni ya nduguze, nao, wakiwa manyani, hawawezi kujibu. Wahenga walisema, msema pweke hakosi. Tena majina yao yamekwisha wahukumu: nani atamsikiliza mtu aitwaye Hasidi?

Mimi niliwahi kuhukumu kwa jina. Nilipokuwa mgeni kazini, walikuja ndugu wawili wakigombea mpaka wa viwanja walivyoachiwa na baba yao, upande wa Mbagala. Mkubwa alijieleza vizuri, kwa mpango. Mdogo, ambaye mtaa mzima ulimwita mlevi, alidai kuwa marehemu baba yao alizika chupa tatu mpakani, chini ya mwembe uliokwisha katwa. Nilitabasamu, nikaandika mapendekezo yangu bila kwenda kutazama. Mwaka uliofuata mkubwa alianza kujenga. Fundi wake mmoja akaja kuniambia kwamba wakichimba msingi wamekuta chupa tatu, pale pale palipotajwa. Tulirekebisha hati, wakapewa watoto wa yule mdogo. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, katika chumba cha kupanga.

Vijana, mkimsoma Adili, mwaminini kama mtaona sababu, lakini kwanza jiulizeni manyani wangesema nini. Na siku mtakapokaa kwenye meza kama yangu, msicheke. Inukeni, mchukue jembe, mkachimbe.