Nafaqa si Sadaka: Haki ya Mjukuu Anayelelewa na Nyanya

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Naanza na suali. Idi inakaribia na kila mwenye nyumba ahesabu vichwa atoe zakatul-fitri, pishi moja kwa kila mtu, yaani vibaba vinne. Je, yule mtoto anayelelewa na nyanya yake, mamake ameenda Saudia kufanya kazi, babake yuko mjini na mke mwingine, atatolewa na nani? Wengi watasema: nyanya, si anakaa kwake? Lakini tuliosoma madrasa twajua kuwa zakatul-fitri humfuata mwenye jukumu la nafaqa. Mtoto asiye na mali yake, nafaqa yake ni juu ya baba mwenye uwezo. Kulala kwa nyanya hakumvui baba jukumu hilo.

Basi ikiwa pishi moja ya mchele kwa mwaka ni juu yake, seuze uji wa kila asubuhi, sare ya skuli, dawa na kodi ya nyumba?

Kuna mama mmoja mtaani kwetu, sitamtaja. Jioni auza mahamri na viazi karai, na kwa hayo analea wajukuu wawili wa binti yake. Siku moja nilimuuliza mbona hamdai baba yao. Akanambia, "Mwanangu, nikimuandama atakuja anitwalie watoto. Na watu watasema nafanya biashara kwa wajukuu." Sikuwa na jibu siku ile. Leo nataka kulijibu, kwa sababu nyanya kama huyu wako wengi.

Tuanze na aibu. Hind bint Utba (r.a.) alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumshitaki mumewe, Abu Sufyan, kuwa hampi cha kumtosha yeye na mwanawe. Mtume hakumwambia nyamaza, usimfedheheshe mumeo. Alimruhusu achukue katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na mtoto kwa wema. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Kudai haki ya mtoto si ukosefu wa adabu. Mwenye kuona haya ni yule anayeizuia.

Ama hofu ya kunyang'anywa watoto, hii ni nzito, tusiichukulie mzaha. Jamani, hadhana na nafaqa ni mambo mawili. Hadhana ni ulezi, na katika fiqhi yetu ya Kishafi'i, mama akikosekana anayefuata ni mamake mama. Nafaqa ni matumizi, nayo yabaki kwa baba popote mtoto alipo. Kweli, baba aweza kujibu dai kwa kuomba apewe mtoto. Lakini hamchukui kwa ubavu. Mahakama huangalia kwanza maslahi ya mtoto: nani amemlea, anasoma wapi, amemzoea nani. Nyanya naye asimzuie baba kumuona mwanawe. Hiyo ni haki ya mtoto pia.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Kwa hivyo mama aliye ng'ambo naye haachiwi. Na Sheria ya Watoto ya 2022 yamruhusu mlezi anayekaa na mtoto kuomba amri ya matunzo. Si lazima awe mzazi.

Sasa nyanya afanye nini? Kwanza, wazee wa pande mbili wakae, na imamu awepo. Wakikubaliana kiasi, kiandikwe na kutiwa sahihi. Ahadi ya mdomo husahaulika. Ikishindikana, aende kwa Afisa wa Watoto wa serikali katika kaunti ndogo yake, ambaye humwita baba na kujaribu kuwapatanisha. Ikishindikana tena, kuna Mahakama ya Watoto, mbele ya hakimu. Kadhi kwa upande wake husikiza mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Asiye na pesa ya wakili aulize FIDA au Kituo cha Sheria.

Aende na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha nikahi au talaka kikiwepo, risiti za skuli na hospitali, na hesabu ya matumizi ya mwezi. Na asizidishe hesabu. Qur'ani, katika Surat At-Talaq, imetufundisha kuwa kila mtu hutoa kwa kadiri ya wasaa wake. Baba wa mkokoteni hawezi kutozwa kama mwenye duka.

Jambo moja zaidi, na wengi hawalijui. Wanazuoni wa Kishafi'i wasema nafaqa ya mtoto, siku zake zikipita bila kadhi kuiamuru, haigeuki deni. Mama yule wa mahamri amelea miaka yote hiyo, na huenda asilipwe hata senti ya siku zilizopita. Ndio maana nasema asingoje.

Nawe kijana mwenzangu, huenda una mtoto kwa nyanya yake na mwezi huu unafuturisha watu msikitini. Futurisha, ni jambo jema. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa yatosha kuwa dhambi mtu kuwapoteza wanaomtegemea. Kabla ya Idi, chukua simu, tuma masrufu, na ukipata nafasi yapeleke mwenyewe, mtoto akuone uso.

Na wewe mwenye nyanya jirani asiyejua kusoma fomu, mshike mkono umpeleke. Hiyo nayo ni ibada.

Allah atutakabalie saumu zetu na awalipe kheri nyanya zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.