Kalenda ya Moyo Chini ya Milima ya Usambara

Mombo ni mji wa njia panda. Anayetoka Korogwe kwenda Same na Moshi huupita moja kwa moja. Anayekwenda Lushoto hukata kulia na kuanza kupanda kona za Soni. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na kwa miaka kadhaa Mombo ukawa mwisho wa njia. Stendi yake ina joto la bondeni, kwani iko kama mita 400 tu juu ya usawa wa bahari. Abiria yule yule, saa moja na ushei baadaye, anatafuta sweta Lushoto kwenye mita 1,400. Mhadhara huu unahusu watu wa chini ya kona hizo, tangu Mombo na Mazinde hadi Korogwe na Handeni, na jinsi hali ya mioyo yao inavyopanda na kushuka katika mwaka mmoja.

Swali lenyewe limetoka mbali. Katika Huangdi Neijing, kitabu kikuu cha tiba ya asili ya Kichina chenye umri wa miaka 2,000 hivi, kila majira yamepewa kiungo chake cha mwili na hisia yake. Majira ya kuchipua ni ya ini na hasira. Majira ya joto ni ya moyo na furaha. Majira ya baridi ni ya figo na hofu. Majira ya majani kupukutika, ambayo kwa kalenda ya Wachina huanza mapema Agosti, ni ya mapafu, ya ukavu na ya huzuni. Mtu anashauriwa alale mapema, aamke na jogoo, atulize nia yake na asiyaache mawazo yatawanyike. Jikoni hupikwa mapeasi na vyakula vingine vinavyoaminika kulainisha koo. Daktari wa mapokeo hayo hamtenganishi mgonjwa anayekohoa na mgonjwa anayeomboleza; huwatazama kama watu waliopigwa na majira yale yale.

Agosti hiyo hiyo, Mombo nako ni kukavu. Mahindi ya masika yamekwisha vunwa, upepo unanyanyua vumbi la kandokando ya barabara kuu, na mashamba ya mkonge ndiyo yanayoonekana bado yana rangi. Vikohozi vipo. Ni rahisi basi kuichukua kalenda ya Beijing na kuitundika ukutani Mombo kama ilivyo, na katika miji yetu wapo wanaouza ushauri wa namna hiyo pamoja na vifurushi vya majani. Mhadhara huu unashikilia kwamba swali la Wachina ni sahihi na linafaa kuulizwa Korogwe na Handeni, lakini jibu lake halina budi kutafutwa hapa hapa.

Chukua suala la mwanga. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake, katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, walieleza sonona inayorudi kila mwaka siku zinapofupika na kupungua zinaporefuka. Utafiti wao uliipa sayansi ya kisasa sababu ya kulichukulia kwa uzito jambo ambalo tabibu wa kale alilihisi. Lakini jua la Desemba jijini London huzama kabla ya saa kumi alasiri. Beijing, siku ndefu kabisa ya mwaka ina saa 15 za mwanga na fupi kabisa ina saa tisa na ushei. Mombo iko kama nyuzi tano kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku yake ndefu na siku yake fupi ni kama nusu saa tu. Mkulima wa Mazinde hawezi kuugua kwa kukosa jua.

Kinachogeuka hapa ni maji.

Bonde hili liko upande wa milima usiopata mvua nyingi, kwa hiyo linategemea misimu miwili isiyo na uhakika: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Vuli ndiyo yenye ghadhabu zaidi. Joto la Bahari ya Hindi likielemea upande wa Afrika, mvua humwagika kupita kiasi, kama mwaka 1997 na tena 2019, mafuriko ya Oktoba yalipokata mawasiliano Handeni na Korogwe na kuua watu. Joto likielemea upande wa Indonesia, mawingu hupita juu na kwenda zake. Mkulima hupanda bila kujua ni upande upi utashinda. Vuli ikikubali, mahindi yanapatikana Januari au Februari, wakati ule ule shule zinapofunguliwa na kila mtoto anahitaji sare na madaftari. Ikikataa, nyumba hiyo inaingia Januari bila gunia, ina deni dukani, mbegu imeshaliwa na udongo, na hakuna cha kutegemea mpaka mazao ya masika. Hapo ndipo watu husema wana mawazo. Usingizi hauji, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mtu anakaa barazani na haongei. Mama anayekwenda zahanati na malalamiko hayo hurudi na vidonge vya maumivu.

Uhusiano huo kati ya ghala na moyo umepimwa. Craig Hadley na Crystal Patil, wanaanthropolojia waliofanya kazi vijijini Tanzania, walionyesha mwaka 2006 kwamba akina mama wenye upungufu wa chakula nyumbani walikuwa na dalili nyingi zaidi za wasiwasi na huzuni. Mwaka 2008 walichapisha hatua ya pili, baada ya kuwafuatilia walezi wa watoto katika majira tofauti ya mwaka. Upungufu wa chakula ulipobadilika, dalili nazo zilibadilika. Kwa maoni ya mhadhara huu, hayo ndiyo maarifa ya majira ambayo Mombo inayahitaji: huzuni yenye tarehe, inayoweza kutabiriwa miezi miwili kabla kwa kutazama shamba.

Wenyeji wa milima hii waliijua hoja hiyo kabla ya watafiti. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeanza kuwahoji wazee wa Usambara katika miaka ya 1960, aliandika kwa kirefu juu ya mawazo mawili yaliyotawala siasa za Washambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Washambaa, aliyekaa Vugha, juu ya ukingo wa mlima usio mbali na Mombo, alipimwa kwa mvua. Nchi ikiwa na mvua, watoto walizaliwa na kukua, mahindi yalikomaa na watu walitulia. Kukiwa na ukame, njaa na ugomvi viliingia pamoja. Utawala wa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ulikumbukwa na wazee kama enzi ya nchi iliyopona. Baada yake ndugu waligombana, mwanawe Semboja akaweka makao Mazinde bondeni ili apate bunduki na biashara ya misafara, na kipindi hicho kikakumbukwa kama cha nguvu kupambana na nguvu, mvua ikikosa mwenyewe. Leo hakuna anayelazimika kuamini kwamba mfalme hushusha mvua. Jambo la thamani katika fikra hiyo ni kwamba huzuni ya mtu mmoja haikutazamwa kama udhaifu wake binafsi. Ilihesabiwa kuwa dalili ya nchi, na mwenye mamlaka aliulizwa.

Kulikuwa na ufundi pia, si imani tu. Feierman anaeleza kwamba vijiji vingi vya Washambaa vilijengwa karibu na ukingo wa mlima ili familia iweze kulima juu kwenye ubaridi na kushuka nyika kulima huko pia. Mvua ikikosa bondeni, mgomba wa juu ulikuwepo. Ukitazama ramani na kuona jinsi Vugha ilivyokaa, unaelewa kwamba watu hawa walijenga utulivu wa roho kwa kuchagua mahali pa kujenga nyumba. Ardhi ilipobana, idadi ya watu ilipoongezeka, na mashamba makubwa ya mkonge yalipochukua sehemu ya bonde tangu enzi ya Wajerumani, kinga hiyo ilimomonyoka. Familia nyingi za Mombo leo zina shamba la upande mmoja tu.

Korogwe ina historia nyingine inayostahili kukaa katikati ya mhadhara wowote juu ya afya ya akili Afrika Mashariki. Juu ya milima ndani ya wilaya hiyo kuna Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo hapo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baada ya 1900 wakaanza kuwapokea wagonjwa wa akili, miongo miwili kabla ya hospitali ya Mirembe kufunguliwa Dodoma mwaka 1927. Hospitali ya Lutindi ipo hadi leo, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na sifa yake kubwa ni kazi: wagonjwa hushiriki kilimo, ufugaji na kazi za mikono kama sehemu ya matibabu. Mwanzo wake ulikuwa wa kikoloni, na kazi ya mgonjwa asiyelipwa ni jambo la kuangaliwa kwa macho makali wakati wote. Hata hivyo, kwa mkulima wa Kishambaa au Kizigua aliyepoteza mwelekeo, kupanda msimu unapofika na kupalilia msimu unapodai humrudisha katika kalenda anayoishiriki na majirani zake. Ni tiba inayofuata majira bila kuhitaji kitabu cha Kichina.

Lakini wengi wenye mawazo hawafiki Lutindi, na haifai wote wafike. Wanakwenda kwa mganga. Utafiti wa Mdimu Ngoma, Martin Prince na Anthony Mann, uliochapishwa mwaka 2003, ulilinganisha wagonjwa wa vituo vya afya na wa waganga wa jadi jijini Dar es Salaam. Matatizo ya kawaida ya akili, yaani sonona na wasiwasi, yalikutwa kwa asilimia 24 ya wagonjwa wa vituo na asilimia 48 ya wagonjwa wa waganga. Takwimu ni za mjini, lakini mwenendo wenyewe haumshangazi yeyote aliyeishi Handeni. Mganga huuliza juu ya shemeji, juu ya deni, juu ya shamba lililogombewa. Mhudumu wa zahanati mwenye foleni mpaka nje hana nafasi hiyo. Nchi ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza la kuwasajili waganga. Mkoani Tanga wenyewe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, waganga na watumishi wa hospitali walianza kufanya kazi pamoja juu ya UKIMWI. Njia imeshakanyagwa. Haijatumika vya kutosha kwa magonjwa ya akili.

Na tiba ya Kichina yenyewe? Ipo Korogwe tayari, ndani ya pakiti ya dawa mseto ya malaria. Miaka ya 1970 mwanzoni, Tu Youyou, akitafuta dawa ya malaria, alirudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya nne, kilichoeleza matumizi ya mmea wa qinghao ulioloweshwa majini. Alitengeneza dondoo bila kuuchemsha, likafanya kazi, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Tanzania ilianza kuitumia ALu, dawa mseto iliyotokana na mmea huo, kama dawa ya kwanza ya malaria mwishoni mwa mwaka 2006, na Korogwe, yenye kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ikawa pia miongoni mwa maeneo ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Maarifa ya kale yalipopita kwenye jaribio, mtoto wa Mombo alinufaika. Yasipopimwa yanaweza kuua: mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake nchini Ubelgiji waliharibika figo baada ya kunywa mchanganyiko wa kupunguza uzito uliokuwa na mmea wa Kichina wenye sumu ya asidi ya aristoloki. Anayeuza Mombo kifurushi cha “kutuliza moyo wa vuli” adaiwe ushahidi ule ule uliodaiwa kwa ALu.

Kinachowezekana mara moja ni kupanga huduma kwa kufuata mvua. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii hupita nyumba kwa nyumba. Wapewe maswali mawili ya kuuliza pamoja, moja juu ya akiba ya chakula itakayofika mwezi gani, la pili juu ya usingizi. Wayaulize Novemba, kabla mahindi ya vuli hayajakomaa, na tena Aprili. Siku ya kliniki ya watoto, uzito wa mtoto ukishuka, mama yake aulizwe hali yake kabla ya kulaumiwa. Waganga waliosajiliwa wa Handeni na Korogwe waitwe kwenye semina ile ile ya wauguzi, waelekezwe dalili za mtu anayefikiria kujiua na simu ya kupiga, na wao waeleze wanachosikia. Halmashauri inapogawa mbegu za muda mfupi baada ya vuli kushindwa, ofisa ustawi wa jamii aende na gari hilo hilo. Na kwa wale waliotoka Lutindi wakarudi vijijini juu ya Mombo, ambako njia huwa tope tangu mwisho wa Machi, dawa za miezi mitatu zitolewe Februari, na jina la jirani atakayezifuatilia liandikwe kwenye cheti kabla mgonjwa hajapanda gari.