Usukani wa ugenini

Kampuni za malori za Poland na Lithuania zinaajiri madereva wengi kutoka nje ya Ulaya, na dereva aliyezoea njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma naye anaimezea mate kazi hiyo. Ulaya sheria ni kali: takografu, kifaa cha ndani ya lori, hurekodi kila dakika, na baada ya saa 4 na nusu za kuendesha, lazima upumzike dakika 45. Lakini sheria haimlipi mtu mshahara. Mwaka 2023 madereva, wengi wao Wageorgia na Wauzbeki, waliegesha malori Gräfenhausen, Ujerumani, wakagoma kwa wiki kadhaa wakidai malipo yao. Kwa hiyo, kabla ya kumpa wakala wa ajira hata senti, dai mkataba kwa lugha unayoielewa, tena uupeleke ofisi ya kazi ukaguliwe.