Klipu Ikifika Kwenye Grupu, Tufanye Nini? Mazungumzo na Vijana wa Masimba



Vijana wangu wa Masimba, na nyinyi mliotoka Keroka na Kisii mjini, ahsanteni kwa kubaki baada ya swala. Sitawaweka sana.

Kuna jambo mnaliona kwenye simu. Mtu anatuma klipu ya vibonzo inayomdhihaki Mtume wetu, swalallahu alayhi wasallam, na chini ameandika: "Waislamu mnasemaje?" Moyo unachemka. Kidole kiko tayari kujibu. Kabla hujajibu, sikiliza kisa hiki.

Marekani kuna kipindi cha vibonzo cha kuchekesha kiitwacho South Park. Kilianza 1997, na kazi yake ni kumcheka kila mtu: Wakristo, Mayahudi, wanasiasa, wasanii. Tarehe 4 Julai 2001 kilionyesha kibonzo kilichodaiwa kuwa cha Mtume. Hakukuwa na zogo kubwa. Halafu Septemba 2005 gazeti la Jyllands-Posten la Denmark likachapa katuni 12, na mambo yakabadilika. Hata Nairobi, Februari 2006, Waislamu waliingia barabarani kuandamana.

Sasa tufike Aprili 2010. South Park walitoa kisa cha sehemu mbili, tarehe 14 na tarehe 21. Katika sehemu ya kwanza wanasema Mtume yuko ndani ya vazi la dubu. Kabla ya sehemu ya pili, kijana wa Virginia wa miaka 20, Zachary Chesser, aliyekuwa amesilimu miaka michache tu nyuma, akaandika mtandaoni kwamba watunzi wa kipindi huenda wakaishia kama Theo van Gogh. Huyo ni mtengeneza filamu wa Uholanzi aliyeuawa barabarani Amsterdam mwaka 2004. Chesser alidai hatishi, anaonya tu.

Kituo cha Comedy Central kikaingiwa na hofu. Sehemu ya pili ilionyeshwa jina la Mtume likiwa limezibwa kwa mlio, na hotuba ya mwisho ikazibwa yote. Na ndani ya lile vazi la dubu alikuwamo nani? Santa Claus. Watu walitishiwa roho zao kwa sababu ya Santa Claus ndani ya ngozi ya dubu.

Watu walipokeaje? Wako waliosema, "Alhamdulillah, tumeshinda." Jumuiya ya kutetea haki za Waislamu Marekani, CAIR, ilijitenga na vitisho hivyo. Watazamaji wengi walikasirika kwamba kipindi chao kimekatwa. Mchoraji mmoja wa Seattle, Molly Norris, akachora katuni ya kejeli iliyotaja tarehe 20 Mei kuwa siku ya kila mtu kumchora Mtume. Mwenyewe alijitoa baadaye, lakini wengine walishaidaka. Michoro ikamiminika Facebook kwa maelfu, mingine michafu kupita kiasi, mpaka Pakistan ikaifunga Facebook nchi nzima. Norris naye alitajwa kuwa mtu wa kuuawa, akaacha kazi, akabadilisha jina na kujificha.

Hebu tupige hesabu. Aliyetaka dhihaka moja izibwe alizaa maelfu. Mtu ambaye hakuwa adui yetu akapoteza maisha yake ya kawaida. Sasa niambieni, heshima ya Mtume ilipanda wapi hapo?

Kisa hicho kinafika hadi huku kwetu. Tarehe 10 Julai 2010 Chesser alikwenda uwanja wa ndege New York, amebeba mwanawe mchanga, apande ndege ya Uganda ili avuke hadi Somalia kujiunga na al-Shabaab. Akazuiwa. Kesho yake, tarehe 11, al-Shabaab wakalipua mabomu Kampala, wakaua zaidi ya watu 70 waliokaa kutazama fainali ya Kombe la Dunia. Chesser hakuhusika na mabomu hayo. Lakini hao ndio watu aliokuwa akiwakimbilia. Februari 2011 alifungwa miaka 25. Mtoto aliyebebwa siku ile ameukosa ulezi wa babake.

Sasa tuje kwetu. Hapa Gusii sisi ni wachache. Jirani yako ni Msabato au Mkatoliki. Mnauza pamoja sokoni, mnachuma chai pamoja, mnazikana. Kijana mmoja akiandika "atachinjwa" kwenye grupu, hatahesabiwa peke yake. Polisi watamfuata yeye, na macho yatamwangukia mama yake mwenye hijabu pale stendi. Hasira hasara.

Je, tunyamaze? Hapana. Harakati yetu haijawahi kuwaambia mnyamaze. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa amani, bila silaha. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kusema, lakini hakilindi uchochezi wala chuki. Sheria hiyo inakulinda wewe, na inakubana wewe pia. Na ofisi ipo: Juni 2017 Bodi ya Filamu ya Kenya ilipiga marufuku vipindi 6 vya vibonzo vya watoto. Unaweza kuunga mkono uamuzi ule au kuupinga, lakini mlango wa malalamiko upo. Andika barua. Tukae pamoja tuiandike vizuri.

Na dini imeshatuongoza. Suratun-Nisaa aya ya 140 inatufunza: aya za Allah zikifanyiwa mzaha, usikae nao mpaka wabadilishe mazungumzo. Unaondoka, unarudi wakiacha. Suratul-An'am aya ya 108 inatukataza kutukana wanavyoabudu wengine, wasije wakamtukana Allah. Basi na sisi tuache zile klipu za kuwacheka wachungaji. Huwezi kudai heshima usiyoitoa.

Kwa hiyo, klipu ikifika: usiisambaze, hata kwa kuilaani. Iripoti, ifute. Aliyeituma kama ni mtu unayemjua, mpigie simu au mfuate nyumbani, mwambie kwa upole kwa nini imekuumiza. Ukisikia mwenzako anatisha mtu, mshike mkono mapema, kabla hajashikwa na wengine.

Na ukiulizwa, "Waislamu mnasemaje?", jibu kwa jina lako: tumeumia, tunampenda Mtume wetu, na hatumtishi mtu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.