Konokono wa Kufugwa: Mtunze Vyema, Usimsafirishe

 

Leo tutazungumza juu ya kiumbe ambaye sisi wakulima tunamjua kwa ubaya tu. Ukipanda miche ya mchicha jioni, asubuhi unakuta vijiti vitupu na mstari wa ute unaong'aa juu ya udongo. Naam, ni konokono. Wengine humwita mdudu, lakini si mdudu. Yeye ni wa ukoo mmoja na chaza na pweza wa baharini, ila yeye amezoea nchi kavu.

Tumepokea barua kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja, mkulima wa machungwa wilayani Muheza. Anaandika hivi: “Bwana Shamba, binti yangu wa darasa la nne anafuga konokono wawili wakubwa kwenye ndoo. Aliwaokota shambani wakati wa masika. Amewapa majina, na huwapelekea mchicha kabla yeye mwenyewe hajala. Bibi yake anasema ni uchafu, watupwe. Sasa mjomba wa mtoto, ambaye ni baharia, amekuja likizo na amependezwa nao. Anataka kuondoka na mmoja akawape watoto wa rafiki yake ng'ambo. Mtoto amekwisha kubali. Meli inaondoka mwisho wa mwezi. Mimi naona mmoja tu hana ubaya. Je, unasemaje?”

Ndugu yetu wa Muheza, jibu langu ni fupi, kisha nitalifafanua. Mtoto mwache afuge. Bibi msikilize juu ya usafi. Mjomba mkatalie.

Tuanze na mtoto. Konokono huyu mkubwa wa kahawia mwenye gamba la mistari asili yake ni huku huku kwetu, mwambao wa Afrika Mashariki. Akikomaa, gamba lake laweza kufika urefu wa sentimita 20. Akitunzwa vizuri huishi miaka mitano na hata zaidi. Si ajabu mtu kumfuga. Huko Uingereza watu wengi wanamfuga majumbani, na shule nyingine zinaye darasani ili watoto wajifunze kutunza kiumbe hai. Hapigi kelele, haumi, wala hahitaji banda. Lakini kufuga ni kufuga, awe ng'ombe au konokono. Ana mahitaji yake, nayo ni haya.

Kwanza, nyumba. Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye kifuniko yawatosha wawili. Toboa kifuniko matundu madogo kwa msumari uliopashwa moto, ili hewa ipite. Kifuniko kiwe kimebana, maana konokono ana nguvu kuliko unavyodhani, naye hutembea usiku mkiwa mmelala. Ndoo ikae kivulini. Debe la bati halifai; hushika kutu, na jua likipiga linakuwa tanuri.

Pili, kitanda. Weka udongo tifutifu, usio na mbolea ya chumvi-chumvi wala dawa, wenye kina cha sentimita 10 hivi. Uwe na unyevu. Ukiukamata mkononi ushikamane, lakini usichuruzike maji. Nyunyizia maji kidogo kila jioni. Udongo ukikauka sana, konokono hujiingiza ndani ya gamba na kuziba mlango kwa utando mweupe. Hapo watoto hulia wakidhani amekufa. Hakufa, amelala. Ndivyo anavyovuka kiangazi porini. Mrudishie unyevu, atatoka mwenyewe.

Tatu, chakula. Anakula mchicha, matembele, kabichi, tango, boga na papai. Osha majani vizuri, na usimpe yaliyopigwa dawa ya wadudu. Mabaki yaondolewe kila asubuhi kabla hayajaoza. Usimpe chakula chenye chumvi hata kidogo, kwa kuwa chumvi humnyonya maji mwilini akafa kwa mateso.

Nne, na hili wengi hulisahau, ni chokaa ya gamba. Gamba lile hujengwa kwa madini yale yale yaliyomo katika ganda la yai. Akiyakosa, gamba huwa jembamba na kupasuka, na huko porini hukwangua hata lipu ya ukuta ili ayapate. Basi maganda ya mayai yasitupwe jalalani. Yaoshe, yakaushe, yatwange, umwekee pembeni mwa ndoo.

Tano, namna ya kumshika. Usimng'oe kwa kuvuta gamba. Lowesha mkono kwa maji safi, mwache atambae mwenyewe juu yake. Asidondoshwe kwenye sakafu ya saruji.

Hayo ndiyo ya mtoto. Sasa twende kwa bibi.

Bibi anasema ni uchafu, na wala hakukosea. Konokono aweza kubeba minyoo inayotokana na panya. Panya mwenye minyoo hiyo akinya bustanini, konokono hula kile kinyesi au kutambaa juu yake, na vijidudu vya minyoo vikaingia mwilini mwake. Binadamu akila konokono mbichi au asiyeiva, au akila mboga mbichi ambayo kikonokono kidogo kimejificha ndani yake, vijidudu hivyo huenda mpaka kwenye ubongo na kuleta ugonjwa mkali wa utando wa ubongo. Kwa hiyo sheria za bibi ziwe hizi. Kila ukimshika konokono au ndoo yake, nawa mikono kwa sabuni. Ndoo isiwekwe jikoni. Usimbusu wala usimpitishe usoni. Watoto wadogo ambao bado hutia kila kitu mdomoni wasiachiwe kumchezea. Mboga za kuliwa mbichi zioshwe jani moja moja. Haya yakifuatwa, bibi na mjukuu wataelewana.

Haya, sasa mjomba. Hapa ndugu wasikilizaji naomba mtege masikio, maana ndipo penye uzito.

Ndugu yetu ameandika, “mmoja tu hana ubaya.” Kumbe ubaya wote huanzia kwa mmoja. Kila konokono wa aina hii ni dume na ni jike kwa wakati mmoja. Wawili wakikutana, wote wawili waweza kutaga. Tena, akisha kupokea mbegu kwa mwenzake, anaweza kuzihifadhi mwilini kwa miezi mingi na kuzitumia kidogo kidogo. Kwa hiyo yule anayeonekana mpweke ndani ya mfuko wa baharia yaweza kuwa ndiye mama wa kijiji kizima. Mtago mmoja mara nyingi huzidi mayai 100, na wapo wanaofikisha 400. Kwa mwaka mmoja, konokono mmoja aweza kutaga hadi mayai 1,200. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Huyu hajazi kibaba, anajaza ghala.

Hapa kwetu tuna nafuu. Kiangazi humlaza, na maadui wake wa siku zote wamemzoea na humpunguza. Lakini mpeleke nchi yenye joto na mvua, isiyo na maadui wale, uone.

Na watu walimpeleka. Mwanzoni mwa karne ya 19 alikuwa amekwisha fika kisiwa cha Mauritius. Mwaka 1847 bwana mmoja aitwaye Benson, mtu aliyependa sana kukusanya konokono, aliwachukua wachache kutoka Mauritius hadi India, nao wakaachiwa katika bustani moja ya Calcutta. Kutoka hapo wakasambaa Asia, wakaingia visiwa vya bahari ya Pasifiki. Mwaka 1936 wakawa Hawaii. Leo anahesabiwa kati ya viumbe waharibifu kabisa wa mazao katika nchi za joto. Anakula aina zaidi ya 500 za mimea. Na ukitazama safari hiyo yote, utaona kuwa hakuogelea wala hakuruka. Kila hatua kulikuwa na mkono wa mtu.

Sasa sikilizeni kisa cha mtoto mwingine, wa umri unaokaribiana na binti yetu wa Muheza. Mwaka 1966 kijana mmoja wa Miami, katika jimbo la Florida huko Marekani, alirudi kutoka Hawaii na konokono watatu. Watatu tu! Alipowaleta nyumbani, bibi yake akawaachia bustanini. Bila shaka bibi yule hakuwa na nia mbaya. Aliona viumbe vya Mungu, akaviweka penye majani. Baada ya miaka saba, waliookotwa katika mji ule walikuwa zaidi ya 18,000. Serikali ya jimbo ililazimika kupita nyumba kwa nyumba, kuokota, kutia dawa na kukagua upya, mpaka mwaka 1975 ndipo wakaisha. Gharama ilifika kiasi cha dola milioni moja za wakati ule.

Mngedhani funzo lilitosha. Mwaka 2011 konokono hao wakaonekana tena Miami. Safari hii vita vilichukua miaka 10, mpaka 2021. Mbwa walifundishwa kuwatafuta kwa kunusa, na waliookotwa walizidi 160,000. Mwaka uliofuata, 2022, wakaonekana tena katika wilaya nyingine ya jimbo hilo hilo. Ndiyo maana Marekani inakataza kabisa kumwingiza au kumfuga konokono huyu bila kibali. Uingereza wanaruhusu kumfuga, kwa vile baridi yao ni kali kwake, lakini hata huko ni kosa kumwachia nje.

Kuna visiwa vilivyojaribu njia ya mkato. Vilileta konokono mwingine mla-konokono, ili amle huyu mkubwa. Aliletwa Hawaii mwaka 1955, na Tahiti mwaka 1974. Mgeni huyo alipofika akaona kazi ya kupambana na konokono mkubwa ni ngumu, akageukia wadogo wa kienyeji wanaoishi mitini, wasiopatikana kwingine duniani, ambao akina mama wa Tahiti walikuwa wakitunga makombe yao kuwa mikufu. Aina nyingi zikatoweka kabisa. Chache zilizosalia ziliokolewa kwa sababu wataalamu waliwahi kuzichukua na kuzifuga ndani ya visanduku, kizazi baada ya kizazi, na tangu mwaka 2015 wamekuwa wakizirudisha mitini kwao.

Mnaona, ndugu zangu? Kumfuga konokono si kosa. Kwa mkono wa kufuga viumbe wameokolewa. Hasara yote niliyoieleza ilitoka katika mambo mawili, kumbeba na kumwachia.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Muheza, mjomba asiondoke naye, hata mmoja, hata kwa mapenzi ya watoto. Ninajua ni vigumu kumwambia shemeji hapana, tena mtoto amekwisha ahidi. Mkae naye, mweleze kisa cha yule kijana wa Miami na bibi yake. Mtoto wa darasa la nne anaelewa sana akielezwa kweli. Kisha achore picha ya konokono wake kwa rangi, aandike chini yake wanakula nini na hulala vipi wakati wa kiangazi, mjomba aende nayo. Zawadi hiyo haitagi mayai.

Na nyumbani kwenu pia pana kazi. Kila wiki mtoto apekue udongo wa ndoo. Akiona vijiyai vyeupe au vya manjano hafifu, vidogo kuliko punje ya mahindi, vitiwe maji yanayochemka siku hiyo hiyo, kabla havijatotoa. Kuyaangamiza mayai mapya si ukatili. Ukatili ni kuwa na vifaranga 200 ndani ya ndoo moja, wakafa njaa au wakavamia bustani ya jirani. Udongo wa zamani nao umwagiwe maji ya moto kabla ya kutupwa. Na siku mtoto akichoka kufuga, asiwatupe njiani wala asimpe mtu wa wilaya nyingine. Awarudishe pale pale alipowaokota, si penginepo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa kifupi basi, wasikilizaji: mpe konokono unyevu, kivuli, majani safi na maganda ya mayai. Nawa mikono kwa sabuni kila mara. Mayai yaangamizwe. Na mtu yeyote, awe mjomba, awe mgeni, awe mfanyabiashara, akikuomba umpe konokono hai avuke naye bahari, mwambie hapana kwa heshima.

Binti yetu wa Muheza, kama unatusikiliza jioni hii, wasalimie hao wawili. Kesho watwangie maganda ya mayai.

Barua zenu zinakaribishwa kama kawaida. Hadi wiki ijayo, saa kama hizi, nawatakieni kazi njema mashambani. Kwaherini.