Askari, Kiwewe na Kifungu cha 226

Askari akirejea vitani na risasi mguuni, njia yake yajulikana: machela, hospitali, kisha pongezi. Akirejea na kiwewe moyoni, njia hiyo huwa na giza. Na nchini Kenya, kwa miaka mingi, iliweza kuishia kizimbani.

Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011. Yapo waliyoyashuhudia wanajeshi huko, kama shambulio la kambi ya El Adde la Januari 15, 2016, ambayo hayaishi siku mtu anapovua sare. Usingizi humkimbia, kishindo cha mlango humrudisha vitani, na wapo wanaofikia kuuona uhai wenyewe kuwa mzigo.

Hapo ndipo sheria ilipokuwa ikiwangojea. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu kuwa mkosaji kila aliyejaribu kujiua, awe raia au mwanajeshi mstaafu. Adhabu yake ilikuwa kifungo kisichozidi miaka 2, faini, au vyote pamoja. Aliyeokolewa aliweza kutoka wodini akaingia mahabusu. Nani basi angemweleza daktari ukweli? Jamaa wangesema ni ajali, na ugonjwa uliofichwa haupati tiba.

Kosa hilo lilitokana na sheria za Waingereza, ambao wenyewe walilifuta kwao mwaka 1961, miaka 2 kabla ya Kenya kujitawala. Mrithi akabaki na kile alichokwisha kukitupa mwenyewe.

Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa kuwabagua watu kutokana na hali ya afya yao na kuwavunjia utu. Miongoni mwa waliofungua shauri hilo ni Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili.

Hukumu hiyo imefungua mlango, lakini haimshiki mtu mkono. Aliyefunzwa kambini kwamba askari halii hatabisha hodi kwa sababu tu polisi ameondoka kizingitini. Anahitaji kusikia kwa mkewe, kwa askari wenzake, kwa imamu au padri wake, kwamba kuyasema maumivu si kosa wala si woga.

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Sheria iliyomlazimisha kuficha imeanguka. Aibu bado imesimama.