Mbuzi wa Watoto Wanapokuwa Kundi
(Mazungumzo juu ya ufugaji mdogo wa mjini)



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo huanza kwa mchezo na kuishia kwa kazi. Na tuseme kwamba katika nyumba moja ya Mbaraki, kisiwani Mombasa, si mbali na ile nguzo ya kale ya mawe ya matumbawe, baba amewanunulia watoto wake mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja. Watoto wamewapa majina, huwalisha maganda ya ndizi kwa mikono yao, na jioni huwaongoza kwa kamba mpaka kivulini. Hakuna mtu nyumbani humo anayejiona kuwa mfugaji. Lakini mbuzi hawamngoji mtu ajione.

Mbuzi huchukua mimba kwa muda wa miezi mitano, na mara nyingi huzaa mapacha. Ikiwa kila jike atazaa mara moja kwa mwaka, jike na dume, na kila binti akaanza kuzaa atimizapo miaka miwili, basi wale 3 watakuwa 7 mwisho wa mwaka wa kwanza, 11 mwisho wa mwaka wa pili, na 19 mwisho wa mwaka wa tatu. Ua lakini ni lile lile.

Asiyeamini hesabu hii na autazame mfano wa mbali. Katika visiwa vya Galapagos, magharibi ya Amerika ya Kusini, wavuvi waliacha mbuzi 3 katika kisiwa cha Pinta mwaka 1959. Katika miaka ya 1970 ilikadiriwa kwamba wamefika 30,000, na kisiwa kilikuwa kimeharibiwa vibaya kwa kuliwa majani yake. Wahenga walisema kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Pinta hapakuwa na kamba. Katika mji, kamba hiyo ni busara ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo atakaye kufuga vema na ayashike mambo manne.

La kwanza ni nafasi. Kabla ya kuongeza mbuzi, yafaa kumwuliza afisa wa afya wa kaunti kama mifugo yaruhusiwa mahali hapo, na kwa masharti gani. Banda liinuliwe juu ya ardhi, na sakafu yake iwe ya mbao zenye nafasi ndogo kati yake, ili samadi ianguke chini na mbuzi alale pakavu wakati wa masika. Samadi hiyo ni mali, kwani udongo wa juu ya mwamba wa matumbawe ni haba, na mchicha utaistawia. Hapo ndipo ua linapoanza kuwa shamba. Mbuzi wasiachwe kuzurura majiani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2017, lakini takataka za plastiki zingalipo, na mbuzi azilapo huweza kuziba tumbo lake akafa polepole.

La pili ni damu. Beberu asipandishwe kwa binti zake, kwa maana uzao wa namna hiyo hudhoofika. Abadilishwe na beberu wa mfugaji mwingine, na madume wasiohitajiwa wahasiwe mapema.

La tatu ni maradhi. Homa kali ya mapafu ya mbuzi huua upesi, na kijidudu chake kilitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1976. Sotoka ya mbuzi nayo ilithibitishwa nchini mwaka 2006. Yote mawili yana chanjo, na daktari wa mifugo aitwe kabla ya ugonjwa, si baada yake. Maziwa nayo yachemshwe. Katika kisiwa cha Malta askari wa Kiingereza waliugua homa kwa miaka mingi bila kujua sababu. Mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit aligundua kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya mbuzi walioonekana wazima kabisa. Mwaka uliofuata askari walikatazwa maziwa hayo, na homa ikapungua mara.

La nne ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Yaandikwe mazao, chanjo, gharama za chakula, na kila mbuzi aliyeuzwa.

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote. Mbuzi aliyepewa jina hachinjwi kwa urahisi, na machozi ya mtoto si jambo la kuchekwa. Wazazi wengine huogopa machozi hayo, wakaacha kundi likue hata wanyama wakakosa chakula, jirani wakanung'unika, na wale wale waliopendwa wakakonda. Hiyo si huruma. Afadhali watoto waelezwe mapema, mwana-mbuzi angali tumboni, kwamba ua linaweza kulisha mbuzi watano tu, na kwamba majike wawili wa kwanza watazeekea nyumbani, bali watoto wao watauzwa au kuchinjwa kwa sikukuu. Mtoto aliyeambiwa kweli huweza kulia, lakini hadanganyiki, na kesho yake ataamka kuwakatia majani waliosalia.

Basi atakayenunua mbuzi wa kuwachezesha watoto, na apime ua lake kwanza, kisha aende sokoni.